Mwaka Chifu Alipougua Koo

Nalianya alikuwa mtu mwembamba. Ni lazima jambo hili lisemwe mapema, kwa kuwa watu wengi wa kando ya Jogoo Road walimjua kwa tumbo lake.

Tumbo lenyewe lilikaa chini ya kitanda, Makongeni, ndani ya gunia la sukari. Mkewe, Nasike, ndiye aliyelishona kwa kitambaa cha mistari cha godoro, akalishindilia pamba chafu za kufutia grisi. Nalianya alikuwa fundi wa breki za mabehewa katika karakana ya reli, na pamba hizo alizileta nyumbani mfukoni, kidogo kidogo, kama panya anayehamia nyumba mpya. Ndiyo sababu Chifu, yaani Nalianya akiwa amelivaa tumbo lake, kila alipopanda jukwaani alitanguliwa na harufu ya treni.

Alipanda mara moja kwa mwaka. Kila Desemba mitaa iliyopakana, yaani Makongeni, Kaloleni, Mbotela, Bahati, na hata Majengo ambao walikuwa mbali kidogo lakini hawakukubali kuachwa, ilikutana kwa zamu katika ukumbi wa mtaa mmojawapo, kushindana kwa ngoma, nyimbo na maigizo. Liliitwa Tamasha la Majirani. Bahati walileta ngoma ya mwomboko na kinanda chao cha kuvuta. Kaloleni walileta ngoma za isukuti. Majengo walileta taarabu, pamoja na akina mama waliojipepea wakati wa zamu za wengine kwa namna ya kuwajulisha wengine hao kwamba wanachosha. Mtaa ulioshinda ulipewa sufuria kubwa ya kupikia arusi, na kwa desturi ndio uliopaswa kuwapikia walioshindwa. Makongeni walishinda mara nyingi hata wake zao wakaanza kuomba kanisani washindwe.

Walishinda kwa sababu ya Chifu. Mchezo wao uliitwa Baraza, na ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa: Chifu amekaa kitini, raia wanakuja mmoja mmoja na shida zao. Mara ya kwanza Nalianya alipouigiza, katikati ya miaka ya sabini, alikuwa amepewa hotuba ndefu ya kukariri. Mzee mmoja akapiga magoti mbele yake, akasema mto umekauka, mifugo inakufa, watoto wanachimba mizizi. Nalianya akaitafuta hotuba kichwani asiuone hata mkia wake. Kilichomtoka mwishowe ni maneno ya utotoni kwao Kimilili, alipokuwa mtoto mdogo wa mke wa tatu, na nyama inapita kutoka mkono hadi mkono bila kumfikia.

"Na mimi je?"

Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje kupumua. Hotuba haikutafutwa tena. Kuanzia hapo kila mwaka raia walimletea Chifu shida mpya, na Chifu alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi kama mtu aliyeonewa, akasema maneno yale yale matatu. Yakatoka ukumbini yakaingia mtaani. Mtu akitangaza bomba limekauka, sauti ingetoka dirishani: "Na mimi je?" Kasisi mmoja aliwahi kusoma habari za mikate mitano na samaki wawili, akasikia kutoka viti vya nyuma jambo ambalo halimo katika Injili.

Hizo zilikuwa siku za kucheka kwa mdomo wazi. Ikaja ile Jumapili ya Agosti mwaka wa themanini na mbili, serikali ikapinduliwa redioni asubuhi ikarudi redioni jioni, risasi zikalia mjini, na tangu hapo watu wa Eastlands, mitaa yetu hii ya mashariki, walitazama kushoto na kulia kabla ya kucheka, kama mtu anayevuka barabara. Okoth, mpiga ngoma hodari wa Kaloleni, alichukuliwa nyumbani kwake akiwa amevaa kandambili. Aliporudi, baada ya muda ambao hakuna aliyeuhesabu kwa sauti, aliulizwa alikuwa wapi.

"Safarini," alisema.

Hakupiga ngoma tena. Mikono yake ilikaa mifukoni, na hata wakati wa kula ilikuwa kama lazima aifikirie kwanza kabla ya kuitoa.

Nalianya alimwona Okoth mara kwa mara kwenye kituo cha basi, na kila alipomwona alifikiria nyumba yake. Nyumba ya Makongeni ilikuja na kazi, kama mkia unavyokuja na ng'ombe. Ukipoteza kazi asubuhi, jioni kitanda chako kiko nje na majirani wanakisaidia kukaa wima. Alikuwa na Nasike, alikuwa na watoto, na Wafula, kifungua mimba, alikuwa amebakiza mwaka mmoja shuleni. Hivyo ndivyo vitu vyote Nalianya alivyokuwa navyo duniani, ukiondoa tumbo.

Mwaka wa unga wa njano, yaani ule mwaka mvua ilipokataa na serikali ikaagiza mahindi kutoka ng'ambo, mtu mmoja kwa jina Gachanja alihamia nyumba iliyotazamana na ya Nalianya. Hakuna aliyejua alifanya kazi gani katika reli, wala reli haikuonekana kujua. Viatu vyake viling'aa hata siku za vumbi. Aliwanunulia watu chai kibandani, akawauliza habari za kwao. Lakini kilichowatisha majirani ni kwamba hakulalamika. Unga wa njano ulinuka, maji yalikuja kwa kudra, na mtu huyu alisema kila kitu ni sawa tu. Katika mtaa ambao malalamiko ni sehemu ya salamu, ni kama kumwona mtu anaoga na koti.

Asubuhi moja alimkuta Nalianya akipiga mswaki nje.

"Jirani! Mwaka huu Chifu atatuambia nini?"

"Chifu mwenyewe hajui," Nalianya alisema, povu mdomoni.

"Aisee. Mimi sijapata kumwona. Lakini sifa zake nilizisikia huko nilikokuwa."

"Huko wapi?"

"Huko," Gachanja alisema, akaelekeza kidevu upande wa mjini, kwenye majengo marefu. Akacheka kwa meno tu.

Nasike, aliyekuwa akiosha sufuria mlangoni, hakuinua kichwa. Alingoja mumewe aingie ndani.

"Baba Wafula. Umesikia? Sifa zako zimefika Huko."

"Nimesikia."

"Hilo tumbo nilichome?"

"Ukilichoma, wataniuliza kwa nini sichekeshi tena."

"Sema umechoka. Watu huchoka."

"Mama Wafula, mtu aliyechekesha miaka yote hiyo akinyamaza ghafla, si watataka kujua nini kimemkasirisha?"

Nasike alifikiria. Aliligeuza jambo lile upande huu na upande ule kama mtu anayechagua nyanya, na pande zote mbili zilikuwa zimeoza.

"Basi Mungu atusaidie," alisema, "maana wewe ukicheza ni makosa, usipocheza ni makosa."

Vitabu vinasimulia kwamba wafalme wa zamani waliweka mtu mezani wa kuwadhihaki, na walimlisha vizuri. Vitabu hivyo havisemi sana mtu huyo alizeeka vipi.

Aliyeuandaa mchezo alikuwa Mwalimu Mbuthia, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miwani na matumaini. Siku hizo maigizo yalihitaji kibali, na Mbuthia aliupeleka mchezo kwenye ofisi husika mjini akiwa amevaa tai. Alirudi moja kwa moja kwa Nalianya bila hata kupita kwake.

"Wameukataa?" Nalianya aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe ndiyo.

"Wapi! Bwana mkubwa mwenyewe ameusoma mbele yangu. Amenipa na chai. Amesema hana neno na mchezo, ni utamaduni, serikali inapenda utamaduni. Ila huyo Chifu, akasema, huyo Chifu anasema sana."

"Anasema maneno matatu, Mwalimu."

"Hayo hayo matatu. Sasa sikiliza." Mbuthia alivua miwani, akaifuta kwa tai, ishara kwamba ana wazo. "Nimewaambia mwaka huu Chifu ana ugonjwa wa koo. Anakaa. Anasikiliza. Hasemi kitu. Wao watakamata nini? Utamshtaki mtu kwa kutosema? Bwana mkubwa amecheka, akachukua muhuri, pah! Nalianya, tuko salama kuliko kanisa."

Nalianya aliligeuza wazo hilo, akaona kwamba kwa mara ya kwanza upande mmoja wa nyanya ulikuwa mzima. Atakuwa amecheza, na atakuwa hajasema. Usiku ule alilala.

Mazoezi yalikwenda vizuri ajabu. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepangwa, na Chifu alikaa na skafu shingoni, akitikisa kichwa, akishika koo. Ulikuwa mchezo wa heshima, na haukuchekesha hata kidogo. Njoki, mshonaji wa Bahati aliyeolewa Makongeni, ndiye aliyeigiza mjane, raia wa mwisho kuja barazani. Siku moja alisimama katikati ya mazoezi.

"Mwalimu, na watu?"

"Watu gani?"

"Watakaokuja kutazama."

"Watatazama, Njoki. Kazi ya mtazamaji ni nini?"

Njoki alimtazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe hukai viti vya nyuma."

Mbuthia alikuwa amesoma maigizo chuoni, kwenye vitabu vyenye picha za kumbi ambamo watazamaji hukaa gizani wamenyamaza kama wanaosubiri kung'olewa meno. Alirudi kwenye mazoezi.

Tamasha lilifanyika Jumamosi mchana, na mwaka ule zamu ya wenyeji ilikuwa ya Makongeni. Jua liliwaka juu ya mabati hadi yakawa yanalia yenyewe. Watu walijaa, wakakaa madirishani. Bahati walivuta kinanda chao, Majengo wakajipepea. Kaloleni walipiga isukuti bila Okoth, na kila mtu aliyajua mapigo yaliyokosekana. Okoth mwenyewe alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono mifukoni.

Gachanja alikaa mstari wa mbele na karatasi ya njugu. Kulia kwake na kushoto kwake walikaa wanaume wawili ambao hakuna mtaa uliodai kuwa ni wake. Walivaa suti za Kaunda za rangi moja. Nasike aliwaona kutoka ukutani, akafunga leso yake upya ingawa haikuwa imelegea.

Chifu akatoka.

Harufu ya grisi ilipowafikia watu, walishangilia kabla hata hajaketi. Nalianya alikaa. Alishika koo, akaonyesha skafu, akatikisa kichwa kwa huzuni: sina sauti, raia wangu, nihurumieni. Ukumbi ulimwelewa. Kijana aliyeigiza mchuuzi akapiga magoti.

"Mzee Chifu, bomba la kwetu halijatoa maji tangu Pasaka. Tunaamka alfajiri na ndoo, tunarudi na ndoo. Tufanyeje, mzee?"

Chifu alishika koo. Alishusha pumzi, kwa sababu mwili ulishazoea, na pale mahali pa maneno matatu akaacha shimo.

Shimo lilikaa wazi kwa muda mfupi. Halafu mama mmoja kutoka viti vya nyuma, kwa sauti nzito ya Chifu, akalijaza.

"Na mimi je?"

Kicheko kilichofuata kilipandisha vumbi. Nalianya alihisi jasho likianza chini ya tumbo. Alimtazama Mbuthia pembeni ya jukwaa. Mbuthia alikuwa amevua miwani, lakini safari hii hakuwa na wazo.

Raia wa pili alikuwa mkulima. "Mzee, tumepewa unga wa njano. Mke wangu akiupika, mbwa anatoka nje."

Mstari ulikuwa na muhuri. Kila mstari ulikuwa na muhuri. Chifu hakusema kitu, na ukumbi mzima, Bahati na Kaloleni na Majengo pamoja, watu ambao kwa miaka yote hawakukubaliana hata juu ya mshindi, ukanguruma kwa pumzi moja:

"NA MIMI JE?"

Nalianya aliinua mkono kuwanyamazisha. Lakini huo ulikuwa mkono wa Chifu, wa kibwana hasa, na walimpigia makofi. Akasimama kuonyesha kwamba anaondoka. Chifu kukasirikia raia! Wakapiga miguu sakafuni. Mtu huyu ambaye kazi yake ilikuwa kusimamisha mabehewa yaliyojaa mawe aligundua kwamba kila breki aliyoikanyaga ilizidisha mwendo. Alitazama mstari wa mbele. Gachanja alikuwa ameacha kutafuna.

Ndipo Nalianya akafanya jambo ambalo kichwani mwake lilikuwa la busara. Aliamua kuacha kuwa Chifu. Alivua koti, akafungua kamba mgongoni, akalitoa tumbo mbele ya watu wote, ili waone kwamba hapa hakuna Chifu, hapa kuna Nalianya wa breki, mtu mwembamba mwenye watoto. Akaliweka kitini. Akasogea pembeni, akasimama na fulana yake iliyolowa.

Ukumbi ulinyamaza. Kwa kitambo kidogo aliamini amefaulu.

Lakini Njoki alikuwa ameshatoka. Alikuwa na mstari wake, alikuwa ameungoja siku nzima, na mwigizaji mzuri hakiulizi kiti ni nani aliyekikalia. Alipita mbele ya Nalianya bila kumtazama. Akapiga magoti mbele ya kiti, akaliinamia tumbo kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee," akaliambia.

Kicheko kilipasuka hata wale wa madirishani wakashikana wasianguke. Na katikati yake kilisikika kicheko kimoja kipya, chembamba, cha kukohoakohoa, kama cha mtu ambaye hajacheka kwa muda mrefu na amesahau njia. Kilikuwa cha Gachanja. Njugu zilimwagika, machozi yakamtoka, akajipiga paja. Wale wawili kandoni mwake hawakuwa wakitazama jukwaa tena. Walimtazama yeye.

Njoki alingoja kelele zipungue. Ndipo akasema mstari wake, mdogo, uliopita chini ya muhuri bila kugusa kitu:

"Mzee, mume wangu hayupo. Nimekuja kuuliza."

Tumbo lilikaa kitini na mistari yake ya godoro. Watu walivuta pumzi ili wajibu, na hawakujibu. Labda ni kwa namna Njoki alivyolisema jambo lile. Labda ni kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu wa kuulizia. Ndipo nyuma kabisa ikasikika sauti kama ya mtu anayejisemea peke yake.

"Na mimi je?"

Watu waligeuka. Alikuwa Okoth. Mikono yake ilikuwa imetoka mifukoni, akiitazama.

Hakuna aliyecheka. Majengo waliacha kujipepea. Hakuna aliyetangaza mwisho wa mchezo. Watu walitoka wakiangalia wanapokanyaga, na sufuria ya ushindi ilibaki mezani bila mtaa. Mwaka ule hakuna aliyempikia mwenzake.

Nje, kwenye jua, Gachanja alimfuata Nalianya. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Jirani, umenichekesha."

"Pole," Nalianya alisema.

"Ndiyo," Gachanja alisema. "Hilo ndilo neno linalostahili." Akafuta viatu vyake nyuma ya suruali, kiatu kimoja kisha cha pili, akaenda pale wale wawili walipokuwa wakimngoja.

Nalianya alirudi ukumbini kulichukua tumbo. Kiti kilikuwapo, kitupu.

Asubuhi yake mlango wa Gachanja ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na kitanda wala pazia, ila kikombe kimoja dirishani, kimeoshwa. Nasike alikitazama kwa mbali siku kadhaa na hakuna jirani aliyekigusa, ingawa kilikuwa kikombe kizuri. Okoth aliondoka Kaloleni wiki ile ile. Watu walisema amekwenda kwao Ugenya, na walisema kwa sauti ya juu, kama watu wanaotaka wasikike wakisema hivyo.

Kwa Nalianya hakuja mtu. Krismasi ikapita. Alikwenda kazini, akarudi, na kila aliporudi alitazama kwanza kama kitanda kiko ndani. Usipochukuliwa siku ya kwanza, unaanza kuwasaidia wachukuaji kazi: unajiuliza maswali yao, unajijibu, unajikuta na makosa.

"Wamesahau," alimwambia Nasike.

"Hawa hawasahau. Hawa wanapanga foleni."

Januari msimamizi wake alimjia pale penye magurudumu, akamwambia bila kumtazama usoni: "Unatakiwa mjini. Wamesema ukapige mswaki kwanza."

Nalianya alisimama na spana mkononi. Alikumbuka povu na alikumbuka kidevu cha Gachanja. Ule ulikuwa mzaha wa mtu anayekujulisha kwamba alikuwapo. Alikwenda nyumbani, akapiga mswaki.

Ofisi ilikuwa safi na ilinuka grisi. Nalianya alidhani ni nguo zake, hadi alipoona kiti cha wageni. Juu yake, likiwa limebonyea vizuri kwa kukaliwa na wengi, lilikuwa tumbo.

"Kalia, kalia," alisema bwana mkubwa wa nyuma ya meza, mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Ni lako."

Nalianya alilikalia.

"Nimeambiwa ulicheza vizuri sana. Hukusema hata neno moja."

"Ndiyo, mzee."

"Ndiyo shida yangu. Hukusema. Muhuri ni wangu. Na ukumbi siwezi kuuita hapa, viti havitoshi." Alitabasamu, akangoja Nalianya atabasamu, akangoja kidogo zaidi. "Basi tumefanya hivi. Mwalimu Mbuthia amepata shule nyingine, kaskazini kule, joto jingi lakini watoto ni wasikivu. Tamasha limepumzishwa. Mama yule wa kushona tumemshauri ashone. Gachanja naye amepumzika. Alikuwa kijana mzuri, lakini tulimtuma kutazama."

Akaweka mikono mezani, kidole juu ya kidole, akamtazama Nalianya kwa hamu, kama mtu aliyekaa mstari wa mbele.

"Una swali?"

Mbuthia kaskazini. Gachanja kusikojulikana. Tamasha kaburini. Kila mmoja alikuwa amegawiwa chake, na katika chumba kile lilikuwa limebaki swali moja tu ambalo mtu mwenye mke, watoto na nyumba ya kazi angeliuliza. Lilikuwa na maneno matatu. Nalianya alilihisi likipanda kooni, zima, na sauti yake tayari, ile nzito. Aliona pia kwamba bwana mkubwa alikuwa amelisubiri tangu mwanzo, pembe za mdomo wake zimeshaanza kulegea kwa kicheko.

Nalianya alishika koo.

"Sina, mzee."

"Hakika? Kila anayekaa hapo huwa na swali moja."

"Sina."

Bwana mkubwa alionekana kuvunjika moyo kidogo. "Haya. Nenda nyumbani. Tutakuita." Na Nalianya alipoinama kulichukua tumbo: "Liache. Kiti hicho kilikuwa kigumu."

Hawakumwita. Lakini *tutakuita* si neno lenye mwisho, na aliishi ndani yake kwa muda wote uliobaki wa kazi yake, katika nyumba ile ile, akitazamana na mlango ambao wapangaji wake walibadilika na yeye hakuwahi kuwauliza wanafanya kazi gani. Wafula alimaliza shule. Kitanda hakikutolewa nje. Kwa hesabu ya mtaa, Nalianya alikuwa amepona kabisa. Maneno ya Chifu yalikufa Makongeni bila mazishi. Bomba lilikauka kama kawaida, na dirishani hakuna aliyejibu.

Mwisho wa miaka ya themanini alistaafu, wakarudi Kimilili. Ni huko, kwenye arusi ya Wafula, ambapo Nasike aliona kitu alichokuwa amekiona kwa miaka bila kukitazama. Nyama ilikuwa ikipita. Msichana mmoja wa upande wa bibi arusi, mgeni asiyemjua mzee huyu, aligawa kulia, akagawa kushoto, akaruka sahani ya baba wa bwana arusi, akaendelea hadi mwisho wa meza. Wazee walianza kula. Nalianya alikaa na sahani tupu mbele yake, mgongo wima, mkono mmoja kooni, akimtazama msichana akienda zake na sinia.

Mchuzi ulipoa kwenye sahani za wengine. Ilibidi Nasike ainuke kutoka kwa wanawake, avuke uwanja mzima, amshike msichana bega.

"Na yeye je?" alisema, kwa sauti ya chini, na kabla ya kumalizia alitazama kushoto na kulia.